Bado Kidogo

Dada yangu Bronagh alijifunza kuogelea
katika bwawa la manispaa lililonuka klorini na soksi,
kisha akachoka kugeuka kila mita ishirini na tano.
"Ukuta unanidakiza," alisema. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Kipupwe kile alilala dirisha wazi,
mama akimfokea kwa habari ya kikohozi.
Donaghadee ni mji mdogo: gati, mnara wa taa,
duka la chipsi lenye foleni kila Ijumaa,
na ng'ambo, siku isiyo na ukungu, Uskoti
iko karibu kama nguo zilizoanikwa kwa jirani.

Karibu kwa macho. Mabega yana hesabu yao.

Agosti ya miaka yake kumi na tisa
tulimpaka mafuta ya kondoo shingoni na kwapani,
akaingia majini saa saba usiku,
kijiti cha mwanga kikining'inia kwenye kofia.
Sheria ni moja: asiguse mashua, wala mtu asimguse.
Nilimlisha kama unavyomlisha mnyama mkali,
kikombe cha uji ncha ya fimbo ndefu,
naye akanywa chali, akinitazama bila kunijua.
Kulipokucha tuliwaona konyeza, wekundu, wapana kama sinia,
na michirizi waliyomwachia usoni.

Baba, miaka ishirini na minane,
aligonga ribiti za meli kule Belfast.
Masikio yake yalibaki kiwandani.
Hata sala aliipigia kelele.

Saa ya kumi na moja tangu aingie, mikono ikapungua:
sitini na nane kwa dakika, sitini na moja, hamsini na nne.
Baba akainama ukingoni: "Toka! Mwanangu, toka! Yatosha!"
Upepo ukayachukua, na maji yalimjaa masikioni.
Alichokiona ni ubao mweupe mikononi mwangu,
na juu yake, kwa mwandiko wangu wa darasani:
BADO KIDOGO.

Haikuwa kidogo. Ilikuwa maili nne, na mkondo umegeuka.
Niliijua namba. Nahodha alinionyesha kwenye ramani.

Tulimtoa saa moja baadaye,
akimwomba radhi mwalimu wa hesabu.

Ndiyo, alirudi. Baada ya miaka miwili alivuka,
na gazeti likampa picha ndogo
chini ya bei za ng'ombe.
Siku hiyo ubao aliushika mtu mwingine.

Maji baridi huotesha mfupa ndani ya sikio,
polepole, kama chokaa ndani ya birika.
Daktari alipomchonga alimwonyesha vipande kwenye kisahani,
naye akauliza maswali mpaka zamu ya daktari ikaisha.
Kazi aliipata hivyo:
chumba kisicho na mwangwi huko Newtownards,
droo za betri ndogo kama dengu,
na wazee wa kiwanda cha meli, wakiletwa na wake zao
waliochoka kurudia kila kitu.

Baba alikataa miaka tisa. Nilimpeleka mimi, Jumanne, mvua ikinyesha.
Bronagh akamvika kile kidude, akakiwasha.
Baba akageuza shingo. "Nini hicho?"
"Koti lako. Mkono unasugua koti."
Akakaa, mtu mzima, akisugua koti lake.

Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia nayo:
"Siku ile baharini, ulinisikia?"
"Niliona mdomo wako tu," akasema Bronagh,
huku akitafuta bisibisi yake. "Nikajua unanishangilia."

Baba akanitazama.
Mimi nikasoma vibandiko vya droo, kimoja kimoja,
mpaka akaomba aonyeshwe
namna ya kukizima.